Ruzuku ya mshahara: nani alipie muda wa fundi anayefundisha?

Gereji nyingi za Unga Limited na Mbauda, pale Arusha, hupokea kijana mpya kwa masharti ambayo wazazi wengi wanayajua. Mama anafika na mwanawe, anasalimia, anaeleza kwamba kijana amemaliza kidato cha nne au amepita chuo cha ufundi na sasa yupo tu nyumbani. Mwenye gereji anamjibu kwa upole: "Mama, huyu nitamchukua, ila kwa sasa sina cha kumpa. Nauli na chakula mtajitahidi. Akishika kazi tutaongea." Wengine wanadai na ada juu yake. Mama anakubali, kwa sababu kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka miwili, na uzoefu hauuzwi dukani.

Kwa hiyo mafunzo ya kazini hapa kwetu yana mfadhili tayari, naye ni familia. Anayetoka Moshono kwenda Unga Limited kila asubuhi, au anayetoka Pasua kwenda kwenye karakana za Majengo kule Moshi, analipiwa na mama anayeuza sokoni au kaka anayeendesha bodaboda. Nyumba isiyo na uwezo wa kulipa nauli kwa miezi minane mfululizo, kijana wake anaishia saiti kubeba zege. Jioni anapata chake, ufundi anaukosa. Akifika miaka ishirini na mitano bado ni saidia fundi. Akili anayo tele. Kilichomkwamisha ni kwamba nyumbani hapakuwa na mtu wa kusubiri naye.

Ruzuku ya mshahara ilibuniwa kwa ajili ya kijana huyu. Serikali, au mradi fulani, inabeba sehemu ya mshahara wa mtu asiye na kazi kwa kipindi maalumu, ili mwajiri amchukue na kumfundisha akiwa kazini. Njia za kuifikisha zinatofautiana. Ujerumani sheria inairuhusu ofisi ya ajira kumrudishia mwajiri hadi nusu ya mshahara wa mtu aliyekuwa na shida ya kupata kazi, kwa kawaida kwa muda usiozidi miezi 12. Uingereza, baada ya Korona kufunga biashara, ilianzisha mpango wa Kickstart mwaka 2020: vijana wa miaka 16 hadi 24 waliokuwa wakiishi kwa msaada wa serikali walilipiwa kima cha chini cha mshahara kwa saa 25 kwa wiki, miezi 6. Afrika Kusini inapitisha ruzuku yake kwenye kodi: tangu Januari 2014 mwajiri wa kijana wa miaka 18 hadi 29 anakata kiasi fulani kwenye kodi ya mishahara ambayo angeipeleka serikalini. Na jirani zetu wa Kenya, kupitia Sheria ya Fedha ya 2015, walimpa nafuu ya kodi mwajiri anayechukua wahitimu wa vyuo vikuu wasiopungua 10 kwa mafunzo ya kazini ya miezi 6 hadi 12.

Hapa isichanganywe na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo unamtaka kijana awe na biashara na aurudishe. Ruzuku inamlenga kijana ambaye bado hajajua kazi, na hailipwi tena.

Mpaka hapo kila kitu kinaonekana chepesi. Ugumu unaanza ukiingia gereji na kuangalia kinachofanyika siku nzima.

Chukua kazi moja tu, ya kubadilisha beringi za gurudumu la mbele kwenye Land Cruiser ya safari. Kufungua kunafundishika haraka: jeki, stendi, tairi, breki, nati. Kusafisha na kupaka grisi kijana anaweza kuanza wiki ya kwanza. Kazi yenyewe ipo mwishoni, pale nati ya beringi inapokazwa. Ukikaza kupita kiasi, beringi inapata moto na kuungua gari likiwa katikati ya Serengeti na wageni ndani. Ukilegeza, gurudumu linacheza na usukani unatetemeka. Fundi anakaza, anazungusha gurudumu kwa mkono, anasikiliza, analegeza kidogo, anazungusha tena. Kitabu kinaweza kutaja kipimo, lakini kuhisi kwamba sasa imekaa sawa kunatoka mkononi, na mkono wa mwanafunzi unafundishwa na fundi anayesimama pembeni yake na kurudia kazi hiyohiyo mara mbili au tatu huku mteja akipiga simu kuuliza gari lake.

Huko kusimama pembeni ndiko kunakogharimu. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kijana analipwa shilingi 10,000 kwa siku, siku 24 kwa mwezi: 240,000. Tuseme pia kwamba fundi anayemfundisha kwa dhati anapoteza kazi moja ya shilingi 30,000 kila baada ya siku mbili, kwa kuwa amepunguza mwendo. Kwa mwezi ni kazi 12, yaani 360,000. Jumla, mwezi wa kwanza kijana huyo anamgharimu mwenye gereji 600,000. Sasa mradi unakuja na ruzuku ya nusu mshahara: 120,000. Ni moja ya tano ya gharama halisi.

Lakini mwenye gereji wa pili, asiye na nia ya kufundisha, hesabu yake ni nyingine kabisa. Yeye atamtuma kijana kuosha vipuri, kusukuma magari, kununua chai na kulinda geti. Hapotezi kazi hata moja. Kwake kijana anagharimu 240,000 na nusu yake inalipwa na serikali. Kwake ruzuku ni faida tupu, tena ya haraka.

Hapa ndipo naona mipango mingi inapojikwaa. Ruzuku ikipimwa kwa mshahara peke yake, inawavuta kwanza waajiri wasiofundisha, kwa sababu wao ndio inawalipa zaidi. Fundi mzuri, yule ambaye tungetamani watoto wetu wapite mikononi mwake, akipiga hesabu anaona haimtoshi, anaendelea na kazi zake. Na ana hofu nyingine, ya haki kabisa: akimnoa kijana mwaka mzima, gereji ya jirani inamwongezea elfu mbili kwa siku na kumchukua akiwa ameiva. Ndiyo maana ada wanazotozwa wazazi si roho mbaya tu. Fundi anajilipa mapema kwa sababu anajua baadaye hatalipwa.

Tanzania hatuanzi kutoka sifuri kwenye jambo hili. Kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu kumekuwa na Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza katika mwaka wa fedha 2016/17, yenye mafunzo ya uanagenzi kwa vijana wanaojifunza fani vyuoni na kwenye maeneo ya kazi, mafunzo ya utarajali kwa wahitimu wa vyuo wanaotafuta uzoefu, na urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunzia mtaani. Mwanagenzi na mtarajali ni watu wawili tofauti, na gharama zao zinatofautiana. Mtarajali aliyesoma uhasibu anaingia ofisini akiwa na stashahada au shahada. Anachokosa ni kuona kazi inavyokwenda. Mwanagenzi wa kuchomelea anaingia bila kujua kushika holda. Wa kwanza anahitaji meza na msimamizi. Wa pili anahitaji fundi wa kusimama naye, vyuma vya kuharibu na fimbo za kuchomelea za kumaliza. Kuwapa wote kiwango kimoja cha msaada ni kumpunja yule anayehitaji zaidi.

Fedha za kukuza ujuzi zinatoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile ambayo wahasibu huiita SDL. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa asilimia fulani ya jumla ya mishahara yote, na haruhusiwi kuikata kwa mfanyakazi. Mwaka 2013 ilishuka kutoka asilimia 6 hadi 5, ikaendelea kupungua, na mwaka 2023 ilitoka 4 hadi 3.5. Kwa miaka mingi theluthi moja imekuwa ikienda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na sehemu iliyobaki ikiingia serikalini kwa matumizi mengine ya elimu.

Tazama sasa nani yuko ndani na nani yuko nje. Hoteli kubwa ya Arusha, kiwanda cha viatu vya ngozi pale Karanga, Moshi, kampuni ya utalii yenye madereva thelathini: wote wanalipa. Gereji yenye mafundi wanne, cherehani tano chini ya baraza, karakana ya madirisha ya aluminiamu: hawalipi. Huo ni unafuu mkubwa na sishauri waanze kutozwa. Ila vijana wengi wa miji hii miwili ufundi wao wanaupata kwa hawa wasiolipa, na ruzuku inayopitia kwenye kodi ya mishahara, kama ile ya Afrika Kusini, haiwezi kuwafikia kamwe. Mtu asiye na orodha ya mishahara Mamlaka ya Mapato hana pa kukata. Kwa hiyo kwetu njia ya kodi itawafaa walio rasmi, na fundi wa mtaani lazima alipwe kwa njia nyingine, kwa simu, moja kwa moja, akitambuliwa na mtaa wake na chama cha mafundi wenzake.

Nchi nyingine zimeshapima mambo haya kwa utaratibu wa kitafiti, kwa kuwagawa watu kwa bahati nasibu, wengine wapewe msaada na wengine wasipewe, kisha kulinganisha. Majibu yao yanatakiwa kutushtua kidogo.

Jordan walitoa vocha kwa wasichana waliohitimu vyuo vya kati. Mwajiri akimchukua mwenye vocha alilipwa dinari 150 kwa mwezi, sawa na kima cha chini cha mshahara cha wakati ule, hadi miezi 6. Vocha ikiwa hai, waliokuwa kazini waliongezeka kwa karibu pointi 40 za asilimia ukilinganisha na wasio nayo. Ni mafanikio ambayo mradi wowote ungeyapigia ngoma. Vocha ilipokwisha muda wake, karibu tofauti yote ilikwisha nayo. Waajiri walikuwa wamekodi mikono ya bure.

Dayton, katika jimbo la Ohio kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa mbaya zaidi. Watu waliokuwa wakiishi kwa msaada wa serikali walipewa vocha za kumwonyesha mwajiri: niajiri, utarudishiwa sehemu ya mshahara. Waliobeba vocha, asilimia 13 walipata kazi. Wasiobeba chochote, karibu asilimia 21. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwajiri akiiona vocha alijiuliza, huyu ana kasoro gani hadi serikali inilipe nimchukue? Mtu yeyote aliyewahi kuona namna msaada unavyoweza kumchafulia mtu jina kijijini ataelewa.

Afrika Kusini lakini, katika jaribio la vocha lililofanywa kabla ya ile nafuu ya kodi, waliopewa walikuwa mbele kwa takribani pointi 7 za asilimia mwaka mmoja na hata miaka miwili baadaye, ingawa ni kampuni chache sana zilizokwenda kudai fedha zenyewe. Inaelekea karatasi ile iliwapa vijana moyo wa kwenda kubisha hodi. Nalipenda tokeo hili, ila siwezi kujenga sera juu yake.

Utafiti unaotuhusu zaidi ni wa Uganda, kwa sababu mafundi wake ni kama wa kwetu: umakanika, kuchomelea, ushonaji, ususi, umeme, bomba, ujenzi, upishi. Ulifuatilia vijana 1,700 na biashara 1,500 kwa miaka 4. Kundi moja lilipelekwa chuo cha ufundi kwa miezi 6. Kundi lingine lilipelekwa kwa waajiri wanaolipwa ruzuku wawafundishe kazini, nalo kwa miezi 6. Makundi yote mawili yalipata ujuzi, tena wa kiwango kinachokaribiana, na yote yalipata kazi zaidi kuliko kundi lisilosaidiwa. Waliofundishwa kazini walianza kuvuna mapema. Kisha mwaka hadi mwaka faida yao ikapungua, wakati ya wale wa chuoni ilizidi kukua hadi ikawapita.

Ujuzi ule ule, mwisho tofauti. Kwa nini? Watafiti walifuatilia kilichotokea pale kijana anapopoteza kazi ya kwanza, jambo la kawaida kwenye biashara ndogo. Aliyetoka chuoni alikuwa na cheti. Akibisha hodi pengine anakionyesha, anapewa nafasi. Aliyefundishwa gereji hana cha kuonyesha zaidi ya neno la bosi wake wa zamani, na bosi yule pengine wameachana kwa ugomvi. Anarudi mwanzo kana kwamba hajawahi kugusa spana.

Kwa Arusha na Moshi tokeo hili ni habari njema, maana dawa ipo tayari. VETA inapima na kutoa vyeti kwa mafundi waliojifunzia nje ya mfumo rasmi. Mpimaji anamkuta fundi, anamwona akifanya kazi, anamuuliza, panapopungua anaongezewa mafunzo, kisha anapewa cheti cha kile anachokiweza. Miaka yote huduma hii imekuwa ikionwa kama ya watu wazima waliokosa shule. Ningeifanya iwe mlango wa kutokea wa kila kijana anayelipiwa ruzuku. Fundi alipwe kidogo kila mwezi kwa ajili ya chakula na posho ya kijana, na kitita kikubwa akipate siku kijana wake anapofaulu kipimo: amekaza beringi mbele ya mpimaji na gurudumu halichezi. Malipo ya namna hiyo yanabadilisha ile hesabu ya mwanzo. Anayetuma kijana kununua chai mwisho wa mwezi wa sita hana cha kudai, na anayefundisha analipwa kile alichopoteza.

Zipo njia za kulaghai, na mtu asijidanganye kwamba sisi ni wema kuliko Wajordani. Ya kwanza ni mwajiri kumwandikisha mpwa wake ambaye angemwajiri kwa vyovyote. Ya pili ni kumwondoa kibarua wa zamani ili nafasi ichukuliwe na mwenye ruzuku. Mtaani inaonekana kijana mmoja amepata kazi, kumbe mwingine ameipoteza. Ya tatu inasaidiwa na sheria yetu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, lakini ulinzi huo haumhusu aliyekaa chini ya miezi 6. Mradi wa ruzuku ya miezi 6 kamili unamwonyesha mwajiri mlango: mwache wa kwanza wiki ya mwisho, chukua mwingine. Ningetamani kila mpango uvuke mstari huo, uwe wa miezi 9 kwa mfano, msaada ukipungua kila baada ya miezi mitatu, na sehemu ya mwisho ilipwe kijana akiwa bado yupo kazini baada ya ruzuku kuisha.

Halafu kuna suala la kalenda, ambalo mipango inayoandikwa Dodoma hailioni kirahisi. Arusha na Moshi zinaishi kwa msimu wa wageni. Kuanzia Juni hadi Oktoba hoteli zimejaa, magari yapo mbugani, mlimani kuna foleni. Hoteli inayopewa ruzuku mwezi Juni itawachukua vijana ambao ingewachukua hata bila senti moja, na hakuna mpishi mwenye nafasi ya kumwelekeza mtu jikoni wageni sitini wakisubiri chakula. Ruzuku hiyohiyo ikianza Machi inafanya kazi tofauti. Masika ya Aprili na Mei kambi nyingi zinafungwa, wafanyakazi wanapunguzwa, na hapo ndipo msaada unaweza kumbakisha kazini mtu ambaye angetolewa na kumpa mpishi muda wa kufundisha. Chuo cha hoteli na utalii cha VETA kilichopo Njiro kingeweza kupanga wanafunzi wake wa vitendo kwa kufuata msimu huo.

Gereji nazo zina masika yao, ila kwa upande mwingine. Magari ya safari yanapotoka mbugani ndipo yanapofunguliwa: springi, bushi, shokapu, gia boksi, bodi kunyooshwa. Ni miezi ambayo gari linaweza kukaa wiki tatu bila mwenyewe kupiga kelele, na kijana anaweza kuona injini nzima ikiwa mezani. Anayeanza Februari anakutana na shule bora kuliko anayeanza Agosti, wakati gari linaingia jioni na kutakiwa saa kumi na moja alfajiri.

Kwa mzazi au kijana anayeambiwa leo kuna nafasi yenye posho, ningeshauri aulize mambo machache kabla ya kusaini, na majibu yaandikwe. Posho inaingia kwenye simu ya nani, ya kijana au ya bosi? Fundi atakayesimama naye ni yupi, kwa jina? Kazi zipi atakuwa anaziweza mwenyewe mwezi wa tatu na mwezi wa sita, zitajwe moja moja, "breki" peke yake haitoshi? Akiumia, matibabu ni ya nani? Ruzuku ikiisha, atalipwa kiasi gani na kuanzia tarehe ipi? Swali hili la mwisho waajiri wengi hulikwepa kwa "tutaona". Aliye na nia ya kumbakisha atataja kiasi, hata kama ni kidogo. Na tarehe ya kupimwa kwa ajili ya cheti iwekwe tangu siku ya kuanza kazi, kijana na fundi wote wakiijua, kwa sababu ikiachwa hadi mwishoni itaangukia Julai, gereji ikiwa imejaa na hakuna atakayemruhusu kutoka.